Chuma Ndani ya Bwawa la Joka

Kila tarehe mosi ya mwezi, mvua inyeshe au theluji ianguke, Isono Hatakeda alipanda ngazi mia moja na kumi na tatu za hekalu la Joka, mkononi yai bichi moja na kichupa cha pombe ya mchele. Alizianza safari hizo akiwa na miaka ishirini na minne. Sasa alikuwa na themanini na mmoja, na magoti yalikuwa yamemlalamikia mpaka yakachoka yenyewe. Watu wa Tatsukubo, kijiji chake, enzi walipokuwa bado wengi, walimwita mcha Mungu. Hata mama mkwe wake, ambaye sifa alizigawa kwa kijiko kidogo, alikata roho akiwaambia waliomuuguza kwamba mkwe wake ameshika hekalu kuliko wanaume wote wa kijiji. Isono alikuwa palepale kando ya godoro, anakamua kitambaa, na hakuinua uso.

Ucha Mungu gani! Alikwenda huko kama mtu aliyeamriwa kuripoti kituo cha polisi kila mwezi.

Siku hiyo ya kwanza ya Oktoba alimkuta Kunihei Okubata chini ya lango la mawe, anafagia majani. Kunihei ndiye aliyekuwa mtunzaji wa hekalu, mzee wa miaka sabini na sita, mwembamba, mwenye shingo ndefu na mdomo usiochoka. Katika kijiji kizima walikuwa wamebaki watu watatu: yeye, Isono, na bibi mmoja kiziwi aliyeitwa Tsuneko.

"Weka funguo, dada," alisema Kunihei bila kugeuka.

Isono alizitumbukiza funguo zake katika sanduku la jiwe lililo kando ya lango. Humo kila apitaye huacha chuma alichonacho, kiwe kisu, mundu au funguo, kwa sababu hakuna kitu duniani ambacho Joka anakichukia kama chuma. Kwake chuma ni sumu na ni tusi.

"Na hayo meno ya bandia je? Si yana waya?"

"Waya wake ni wa dhahabu."

"Dhahabu ipi? Uliyatengeneza kwa yule daktari wa mjini anayelipwa kwa mboga."

"Wewe ambaye huna hata jino moja, mdomo wako unapita langoni bila kukaguliwa. Una raha."

Kunihei alicheka, kisha akaegemea ufagio, na uso ukabadilika. "Kuhani amepiga simu. Wamekubaliana na ofisi ya mkoa. Tarehe kumi na tisa mwezi ujao anakuja kumchukua Bwana Joka, ampeleke hekalu la mjini. Sisi watatu hatutoshi kumtunza, anasema. Halafu wale wa ukuta wa kuzuia matope wanaingia kazini."

"Wanaingia wapi?"

"Bwawani. Wanalikausha lote. Msingi wa ukuta lazima ukalie mwamba, na mwamba uko chini ya bwawa."

Isono aliweka yai juu ya jiwe la sadaka, akalizungushia kokoto lisiviringike. Mbele yake maporomoko madogo yalikuwa yanaangukia bwawa lile jeusi, lisilozidi upana wa vyumba viwili, ambalo hakuna mtu aliyewahi kuona kitako chake. Chini kabisa, kwenye tope, lilikaa birika la chuma lililochongwa tumboni alama ya nyumba ya Hatakeda. Yeye ndiye aliyelitupa. Na huyu aliyesimama nyuma yake na ufagio alikuwa mtu mmoja tu duniani ambaye hakupaswa kuliona.

Ilikuwa miaka hamsini na saba iliyopita, mwaka mvua za Juni zilipokosa kuja. Kufikia Agosti majaruba yalikuwa yamepasuka kiasi kwamba mkono mzima wa mtu uliingia kwenye ufa, na mpunga, uliokuwa ndiyo kwanza unataka kutoa masuke, ulisimama umejikunja kwa kiu. Wanaume walipiga ngoma hekaluni siku tatu mfululizo. Vijana wakatumwa kwenda kuomba maji ya chemchemi ya hekalu kubwa lililo milima mitatu mbele, wakayaleta ndani ya mwanzi, wakipokezana njia nzima bila kuuweka mwanzi chini, kwa kuwa ukiuweka chini mvua hunyesha hapohapo ulipouweka. Waliyamimina bwawani mikono imewavimba. Mbingu ikabaki nyeupe.

Ndipo neno la chuma likaanza kunong'onwa. Wazee walijua, na kila aliyezaliwa Tatsukubo alijua: Joka akilala mno, mtupie chuma bwawani. Atainuka kwa hasira kukiosha kile chuma, na ataoshea kwa mvua.

Nyumba zote thelathini na moja zilikaa kikao. Aliyesimama kupinga alikuwa Genjiro Okubata, baba yake Kunihei. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, lakini siku hiyo alisikika mpaka nje. "Babu yangu aliwaona walipotupa," alisema. "Mvua ilikuja, ikachukua mashamba yote ya bondeni pamoja na watu sita. Kumtukana Joka ainuke ni rahisi. Nani kati yenu atamwambia akae?" Mwishowe walipitisha kikombe kimoja cha pombe, kila mkuu wa nyumba akanywa funda moja mbele ya hekalu, na hicho ndicho kilikuwa kiapo: hakuna atakayetupa.

Yoshimatsu, mume wa Isono, alikunywa funda lake, akarudi nyumbani, akakaa barazani anatazama shamba. Alikaa hivyo siku nne. Siku ya tano alisema, kama anayeongea na shamba lenyewe, kwamba mpunga ukifa ataenda kufanya kazi kwenye mahandaki ya barabara kuu, na nani ajuaye kama atarudi. Isono alikuwa na mimba ya miezi mitano.

Alikwenda mchana wa jua kali, saa ambayo kila mtu alikuwa amejilaza kivulini. Hakuchukua mundu, maana mundu ungehitajika mpunga ukiiva. Hata katika kuvunja kiapo alikuwa na akili ya mkulima. Alichukua birika la chuma la mama mkwe, zito kama mtoto wa mwaka, akalifunga kwenye shuka akalibeba mgongoni. Alilipitisha langoni bila kuliweka kwenye sanduku la jiwe. Lilizama bila kelele nyingi.

Siku mbili baadaye mvua ilikuja. Watu walitoka wakaikinga kwa midomo, wazee kwa watoto, na Yoshimatsu alimshika mkewe kiunoni mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla wala baada ya hapo. Ilinyesha siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku ya nne watu waliacha kushukuru. Siku ya tano, asubuhi, kilima kilichokuwa nyuma ya nyumba ya Genjiro kiliteremka chote kwa mara moja na kuizika nyumba pamoja na Genjiro mwenyewe, mkewe, mama yake mzee, na binti yao wa miaka kumi na miwili.

Kunihei alipona kwa kuwa hakuwepo. Alikuwa na miaka kumi na tisa, anafanya kazi kwenye kiwanda cha mbao mjini. Alikuja kwa miguu maana barabara ilikuwa imekatika, akachimba siku tatu kwa mikono na koleo la kuazima. Dada yake ndiye aliyepatikana mwisho. Wanawake wa kijiji walipika matonge ya wali kwa ajili ya wachimbaji, na Isono ndiye aliyempelekea Kunihei pale alipokuwa ameketi kwenye matope. Alimpa kwa mikono miwili. Kunihei akasema asante.

Mwezi uliofuata mimba ilitoka. Isono hakulia sana; aliona ni haki. Mimba nyingine haikuingia tena, na hilo pia aliliona ni haki. Mama mkwe alipouliza birika liko wapi, alijibu kwamba lilipasuka akampa mnunua vyuma chakavu. Yule mama alimtazama kwa muda mrefu, kisha akaenda kununua la bati. Tangu hapo Isono akaanza kupanda ngazi kila mwezi na yai lake, akilia moyoni neno lilelile moja: hasira yako ielekeze kwangu. Joka hakujibu. Yoshimatsu alikufa miaka kumi iliyopita kwa mapafu, hajui kitu.

Kunihei alirudi kuishi kijijini, akajenga nyumba ndogo ng'ambo ya kijito. Aliwahi kuoa. Mke alikaa miaka miwili akarudi kwao. Hakuweza kuishi na mtu ambaye tone la kwanza la mvua likigonga bati anasimama mlangoni na viatu mguuni mpaka iishe. Watu walipohama, mmoja baada ya mwingine, yeye alibaki, akashika ufagio wa hekalu. Baada ya Yoshimatsu kufa alianza kumpasulia Isono kuni, kumletea mboga, na kila Jumanne kumpeleka kliniki kwa kigari chake. Alimwita dada. Isono, ambaye hakuwa na ndugu wala mtoto, alimpenda kama mdogo wake wa tumbo moja, na upendo huo ulikuwa unamchoma kila siku, kwa sababu alikuwa anaula kwa wizi.

Na Kunihei alikuwa na jambo moja alilolishika maishani kuliko hata kumbukumbu za mama yake. Alilisema kila mwaka kwenye makaburi, akimwagia mawe maji: "Baba alisema tusitupe, na hakuna aliyetupa. Ilikuwa mvua tu. Mvua haina mwenyewe." Hilo ndilo lililomwezesha kuishi kati ya majirani wale kwa miaka hamsini na saba na kula chumvi yao.

Basi Isono alikuwa na siku arobaini na tisa. Kwanza alijaribu njia ya kitoto. Alikata mwanzi mrefu, akaufunga ndoano ya mti nchani, akaenda bwawani asubuhi ambayo Kunihei alikuwa mjini. Mwanzi haukufika chini. Alipiga magoti kwenye jiwe lenye ukungu, akanyoosha mkono hadi begani, akateleza, na maji yakamfika kifuani kabla hajashika mzizi. Alirudi nyumbani analowesha njia nzima, bibi wa miaka themanini na mmoja, anajitukana kwa sauti.

Akaona hakuna ujanja. Birika litatoka, na alama itasomeka. Heri Kunihei alisikie kutoka kinywani mwake yeye Isono.

Tarehe saba ya Novemba Kunihei alileta figili za kukausha kwa ajili ya majira ya baridi. Walikaa barazani, ubao katikati yao, kila mtu na kisu chake, wanazikata vipande na kuvitunga kwenye kamba.

"Kuni," Isono alisema, akimfupishia jina kama kawaida yake, "weka kisu chini kidogo."

"Nikiweka, figili hazijikati zenyewe."

"Weka chini."

Hakuweka. Isono akaona akingoja zaidi atakosa ujasiri, akasema hivyohivyo. "Bwawani kuna birika letu la chuma. Nililitupa mimi. Siku mbili kabla ya mvua."

Kunihei alikata vipande vitatu zaidi, vyembamba, vya unene uleule. "Birika lipi?"

"La mama mkwe."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Kaka Yoshimatsu alijua?"

"Amekufa hajui."

Jogoo wa Tsuneko aliwika huko chini. Kunihei alikuwa anatazama mikono ya Isono, si uso.

"Ulinipa tonge la wali," alisema. "Nilikuwa nimekaa kwenye matope. Ulinipa matonge mawili, na kipande cha figili ya chumvi."

"Nilikupa."

"Nikala."

Alipangusa kisu kwenye suruali, akakitia kwenye ala. Sauti yake haikupanda hata kidogo, afadhali ingepanda. "Una miaka themanini na mmoja. Umenyamaza hamsini na saba. Ungenyamaza mingine mitatu minne ungepungukiwa nini? Ningekufa zangu kwa amani, na wewe yako ungeyamaliza na Mungu."

"Wanakausha bwawa, Kuni. Ungeliona."

"Kwa hiyo si kwa ajili yangu. Ni kwa kuwa ulikuwa unakaribia kukamatwa."

Isono alikitunga kipande kimoja cha figili kwenye kamba. Ilikuwa kweli, au ilikuwa kweli kiasi cha kumziba mdomo.

"Miaka kumi nakupeleka kliniki," Kunihei alisema akiwa ameshasimama. "Nakushika mkono ngazini usianguke." Aliondoka akaacha figili zake zote pale ubaoni. Jumanne iliyofuata hakuja. Isono alianza kwa miguu kilomita nne za kufika barabara ya lami, akaishia nusu ya njia, akarudi nyumbani akalala siku nzima. Akasema kimoyomoyo kwamba hicho ndicho alichokistahili, na kwamba kumbe kukistahili hakupunguzi uchungu.

Tarehe kumi na tisa kuhani alifika asubuhi. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mwenye mahekalu kumi na moja ya kuhudumia na saa kubwa mkononi. Alivua saa akaiweka kwenye sanduku la jiwe. Akawaomba watatu wale wainamishe vichwa, akatoa ile sauti ndefu ya chini inayomwita mungu atoke, akakifunga kioo kitakatifu, ambacho ndicho makao ya Joka hekaluni, kwa kitambaa cheupe, akakitia kwenye sanduku la mti. Kunihei alisimama upande wa kulia, Isono kushoto, Tsuneko katikati akiuliza kwa sauti kama imeisha. Kisha kuhani alishuka na sanduku lake, na yule aliyeogopwa Tatsukubo kwa miaka mia nne akafungwa mkanda kwenye kiti cha nyuma cha gari dogo la rangi ya krimu.

Wafanyakazi hawakupoteza muda. Walikuwa wanne na msimamizi wao, mtu mnene mwenye adabu. Walipitisha kijito kwenye bomba, wakatumbukiza pampu. Maji ya bwawa yalishuka kidogo kidogo, yakaacha alama nyeusi kwenye mawe. Ilipofika saa tisa alasiri kilichobaki kilikuwa tope, na mfanyakazi mmoja mwenye mabuti marefu aliingia na reki.

Kitu cha kwanza alichovuta kilikuwa mundu. Isono alifikiri ameona vibaya. Cha pili kilikuwa kichwa cha shoka. Halafu ulimi wa plau, halafu jembe, halafu mundu mwingine, sufuria ya chuma isiyo na mpini, kiatu cha farasi, mnyororo wa kuning'inizia chungu. Tope lile lilikuwa limevitunza. Kutu ilikuwa ya juujuu tu.

"Samahani, wazee wangu," aliuliza msimamizi, "hapa palikuwa jalala?"

Wafanyakazi walivipanga juu ya turubai la bluu, na Kunihei akapiga magoti mbele yake. Kila chombo cha chuma cha Tatsukubo kilipigwa alama ya nyumba na mhunzi wa kijiji, na Kunihei, kama kila mzaliwa wa pale, alizijua alama zote thelathini na moja. Alikuwa anafuta tope kwa kidole gumba na kutaja.

"Wa Nakagaichi. Wa Inubushi. Wa Inubushi wa juu." Alinyanyua jembe. "La Mizobuchi. Mama Tsuneko, hili lenu."

Tsuneko aliinama akalitazama kwa jicho moja. "Aka, mume wangu! Aliniambia limeibwa. Nilimtukana mchuuzi wa watu miaka mitatu." Halafu akaelewa alichokuwa anakitazama, akakaa chini kwenye jiwe.

Birika la Hatakeda lilitoka la kumi na tano au la kumi na sita, tumbo limetoboka. Kunihei alitaja alama yake kwa sauti ileile aliyotajia nyingine, akaliweka kwenye mstari. Isono alisimama anaangalia. Wote walikunywa kikombe kile, na wote walikuja hapa kwa kujificha, pengine mmoja asubuhi na mwingine jioni ya siku hiyohiyo, kila mmoja akiamini ni yeye peke yake. Na baada ya hapo waliishi ukuta kwa ukuta, wakazikana kwa heshima, hakuna aliyesema. Angeweza kupiga kelele kwa hasira. Miaka hamsini na saba alijiona muuaji peke yake kati ya watu wema, na kumbe kila aliyempa salamu njiani alikuwa anabeba mzigo uleule.

Kunihei alipofika mwisho wa mstari alibaki magotini. Mabega yalikuwa yanamtikisika, na Isono hakujua kama analia au anacheka mpaka alipogeuza uso, akaona ni vyote viwili.

"Nyumba ishirini na mbili," alisema. "Na nilikula kwao wote." Alipangusa pua kwa mkono wa shati. "Mlikuwa na kiu. Mpunga ulikuwa unakufa, mlikuwa na watoto. Mtu akitupa kimoja, ni kiu, si ubaya. Nami ningekuwepo sijui ningefanya nini."

Alimtazama Isono, na kwa mara ya kwanza katika siku kumi na mbili alimwita kwa jina lake la zamani. "Dada. Mradi sisi wa Okubata hatukutupa. Baba alisema, na akashika neno lake. Walikufa wasafi. Hilo moja linanitosha; mengine nitayazoea. Jumanne nitakuja na gari."

Machozi yalikuwa yanamtiririka Isono mpaka kidevuni. Ili apate cha kufanya na mikono yake aliteremka ukingoni, pale ambapo mfanyakazi wa mabuti alikuwa ametupa rundo la mwisho la tope, na akaona pembe ya kitu imechomoza. Alikivuta. Kilikuwa kichwa cha jembe, kipana, cha kazi nzuri. Alifuta shavu lake la chuma kwa kidole, na alama ikajitokeza wazi: mlima mmoja, na chini yake nukta mbili.

Alama hiyo ilikuwa kwenye makaburi manne ambayo Kunihei aliyamwagia maji kila mwaka.

Genjiro naye alitoka kwenye kikao chake mwenyewe akaja hapa. Alikuwa na mpunga kama wote, na binti wa miaka kumi na miwili wa kulisha.

"Umepata nini?" Kunihei alikuwa ameshasimama, anakuja upande wake, uso bado umelegea na mkono ameunyoosha apokee. "Cha nani hicho?"

Isono aliweka kidole gumba juu ya alama. Alimwona mtu huyu wa miaka sabini na sita, asiye na mke, asiye na mtoto wala jino, ambaye sasa hivi tu alikuwa ametaja kitu kimoja cha kumtosha. Aliijua vizuri njia ambayo Kunihei angeishika iwapo angesoma alama ya jembe lile, maana yeye mwenyewe alikuwa ameitembea mwezi kwa mwezi. Na alitamani Jumanne ile kwa tamaa kubwa kuliko aliyowahi kuwa nayo kwa kitu chochote.

"Chetu," alisema.

Mkono wa Kunihei ulibaki hewani. "Chenu si birika?"

"Na hili pia."

"Mlitupa viwili?"

"Nilirudi kesho yake. Niliona mvua haiji."

Kunihei aliuteremsha mkono. Isono aliona uso wake ukijifunga, taratibu, kama watu wanavyofunga mbao za madirisha nyumba inapohamwa. Hakuwa na hasira hata ya kumtukana.

"Kimoja nimekusamehe," alisema. "Cha pili sijui ulikuwa unamtaka nani afe."

Aligeuka, akamshika Tsuneko mkono amsaidie kusimama, akamwelekeza msimamizi wapi pa kupeleka vyuma vile, akashuka ngazi bila kuangalia nyuma. Isono alibaki kwenye tope na jembe lake kifuani, kidole bado juu ya alama, mpaka msimamizi alipomwambia kwa upole, "Mama, tunaomba utoke hapo, tunataka kuteremsha mashine."